Tusizililie Sufuria za Misri

Kuna usemi unaovuma siku hizi katika viunga vya Eldoret, na sasa umeanza kupenya hata ndani ya kumbi za makanisa yetu. Usemi wenyewe ni kwamba enzi za chama kimoja zilikuwa enzi za neema. Kwamba wakati ule mkulima alilipwa, kiwanda kilinguruma, mtoto alikunywa maziwa shuleni bila malipo, na kwamba mageuzi tuliyoyapigania ndiyo yaliyotuletea njaa. Jumapili iliyopita niliusikia ukitamkwa na mzee mmoja anayeheshimika sana, tena si barazani bali katika kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa. Mwanasiasa fulani, ambaye jina lake nitalihifadhi, ameahidi kutugharamia paa zima. Baadhi yetu tulitaka kujua fedha hizo zimetoka wapi. Mzee akasimama, akaweka koti lake sawa, akasema: “Wakili, ninyi ndio mliotuzoeza maswali. Zamani hatukuuliza, na tulikula tukashiba.”

Kauli hiyo haikunitoka kichwani wiki nzima. Mzee si kibaraka wa mtu. Ni mkulima aliyesomesha watoto wake kwa mahindi na ng'ombe, na anapoyalilia yaliyopita analilia kitu alichokuwa nacho mkononi. Kwa hiyo sitamjibu kwa kaulimbiu. Kazi yangu ya kila siku ni kupima ushahidi, nami leo nayapandisha Mageuzi kizimbani yajibu shtaka hilo.

Kwanza nikiri yaliyo kweli, maana wakili anayekana jambo ambalo mahakama nzima imelishuhudia humwangamiza mteja wake. Mimi ni mtoto wa miaka hiyo ya themanini. Nimeyanywa Maziwa ya Nyayo katika zile pakiti za pembe tatu, chini ya mpango ulioanza mwaka 1979, na ladha yake naikumbuka hadi leo. Sensa ya mwaka huo iliwahesabu wakazi wa Eldoret wapatao 50,000 tu, lakini mji huo mdogo ulikuwa na viwanda ambavyo miji mikubwa ingevionea wivu. Rivatex, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970, iliipokea pamba, ikaisokota, ikaifuma na kuitia rangi. Raymond ilitengeneza blanketi, Ken-Knit ikatengeneza nyuzi na sweta. Kiwanda cha KCC kilipokea maziwa ya Uasin Gishu na Nandi. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kikaongezwa juu ya hayo. Zamu zilipobadilishana jioni, barabara zilijaa wafanyakazi kwa miguu na kwa baiskeli, na wenye maduka waliijua tarehe ya mshahara kama walivyoijua Krismasi. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi 7 na senti kadhaa. Mwaka 2025 ilikuwa takriban shilingi 129.

Wala haikuwa fedha tu. Nguo ya Krismasi ilishonwa na fundi wa cherehani kwa kitambaa kilichofumwa umbali wa kutembea kutoka dukani kwake, na fundi yule aliwajua watoto wa mtaa kwa vipimo vyao. Harambee ilimaanisha mtu kuleta kuku, debe la mahindi au siku moja ya kufyatua matofali, na madarasa mengi ambamo vijana wetu wanasoma hadi sasa yalijengwa hivyo. Yote haya nayakubali bila kinyongo.

Lakini Wana wa Israeli nao, walipochoka jangwani, waliwakumbuka samaki wa Misri, na matango, na vitunguu, na sufuria zilizojaa nyama. Soma tena masimulizi hayo, ndugu Mkristo, uone wasichokikumbuka. Hawakuyakumbuka matofali. Hawakuukumbuka mjeledi wa wasimamizi, wala watoto wachanga wa kiume waliotupwa mtoni. Njaa ya leo ina ujanja huo: humrejeshea mtu kumbukumbu ya chakula, ikamfichia kumbukumbu ya kongwa.

Basi tuyakumbuke matofali yetu. Mwaka 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A, na KANU ikawa chama pekee halali nchini. Mwaka 1984 ukame uliipiga nchi, na taifa lililojivunia ghala la Bonde la Ufa likapanga foleni kungoja mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli. Mzee anayekumbuka kushiba amewahi kuula ugali ule, nina hakika. Mwaka 1986 ulianza msako wa Mwakenya, na wahadhiri, wanafunzi na wanahabari wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Redio ya taifa ilikuwa moja, na kila taarifa ya habari ilianza na safari za mtu mmoja. Mwaka 1988, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nilibebwa mabegani hadi uwanjani kuutazama uchaguzi wa mlolongo. Hata mtoto wa umri wangu, aliyejua kuhesabu hadi mia moja tu, aliona ni mlolongo upi uliokuwa mrefu. Afisa akautangaza mfupi. Watu wazima wakaangalia chini, wakaenda nyumbani kukama ng'ombe. Hiyo ndiyo shibe ambayo mzee anaisifu kwamba haikuwa na maswali.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kesi yote ilipolalia. Mwaka huohuo wa 1986 Bunge liliibadilisha Katiba tena, likawaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 likawaondolea majaji ulinzi huohuo. Mwananchi wa kawaida hakulisikia jambo hili, au alilisikia akaliona ni ugomvi wa mawakili wa Nairobi. Nani angeacha jembe kwenda kumlilia mkaguzi wa hesabu? Lakini tafakari maana yake. Mashirika ya umma, yaliyokuwa yamebeba pamba yetu, maziwa yetu na mahindi yetu, yaliongozwa na watu walioteuliwa kwa utiifu. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvifungua vitabu vya serikali na kusema hadharani kwamba hesabu hazilingani alijua kwamba anaweza kufutwa kabla ya jua kuzama. Mlinzi wa ghala anayelishwa na mwizi hufunga mdomo. Ulinzi ule ulirudishwa mwaka 1990, baada ya kelele za makanisa, za mawakili na za wafadhili. Ila kufikia hapo mchwa walikuwa wamekwisha kuingia katika nguzo.

Shirika halifi siku lango lake linapofungwa. Hufa miaka mingi kabla, siku fedha za vipuri zinapogeuka kuwa nyumba ya mtu, siku mhandisi anapopewa msimamizi asiyejua tofauti ya uzi na kamba, siku deni la leo linapolipwa kwa deni la kesho. KCC, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilizama katika madeni mwishoni mwa miaka ya 1990, ikauzwa katika mazingira yaliyowaacha wakulima midomo wazi, hadi serikali ya NARC ilipoirejesha mikononi mwa umma mwaka 2003. Rivatex ilizima mashine zake mwishoni mwa karne. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikafunguliwa upya kwa mashine zilizonunuliwa kwa mkopo kutoka India. Mzee anaona kwamba milango ilifungwa baada ya mwaka 1991, akahitimisha kwamba vyama vingi ndivyo vilivyoua. Huko ni kumlaumu daktari aliyeandika cheti cha kifo.

Tena, hebu tuulize swali dogo la tarehe. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. KANU iliondoka madarakani Desemba 2002. Kwa miaka 11 kamili ya hicho kinachoitwa mageuzi, aliyeshika funguo za hazina alikuwa ni yuleyule aliyezishika katika enzi za neema. Nani basi aliyeiachilia kashfa ya Goldenberg, ambapo kati ya 1991 na 1993 mabilioni yalilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo? Fedha zilimwagwa katika kampeni za 1992 hata noti ya shilingi 500 ikapewa mitaani jina la mwanasiasa kijana aliyeigawa. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa kiwango kilichokaribia asilimia 46. Akiba ya mwalimu aliyekuwa akijiandaa kustaafu mwaka huo iliyeyuka kama mafuta juani. Hata uwanja wetu wa ndege wa kimataifa ulijengwa katikati ya miaka hiyo, wakati mfugaji hajui kama maziwa yake yatanunuliwa. Abiria walikuwa wapi, sijui.

Yupo mshtakiwa mwingine, naye simwachilii. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walitulazimisha kufungua masoko kwa haraka ya mtu anayekimbia moto. Marobota ya mitumba yalimiminika, na kiwanda kilichodhoofishwa na wizi wa ndani kikakutana na shati la bei ya mkate. Mkulima wa pamba aling'oa pamba. Fundi wa cherehani akageuka mrekebishaji wa suruali za wafu wa Ulaya, kama tulivyodhani tukiwa watoto. Lakini hata hapo, nani alitia sahihi kwa niaba yetu, na alimwuliza nani?

Mzee alisema hawakuuliza. Si kweli, na kwa heshima zote nitamsahihisha, kwa sababu waliouliza walikuwapo, na mmoja wao alikuwa askofu wa mji huuhuu. Mwaka 1986 wachungaji wa NCCK walipokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta waliukataa mlolongo waziwazi. Alexander Kipsang Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret tangu 1983, mwana wa Nandi, alimkabili rais ambaye watu walimtarajia amnyenyekee kwa sababu ya lugha na damu. Alisema watu walikuwa wanakufa njaa Pokot Magharibi wakati wakubwa wakikana kuwa kuna njaa. Alisema juu ya unyakuzi wa ardhi na ufisadi akiwataja wahusika. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda Busia, akahubiri, na tarehe 14 Agosti, akirejea Eldoret, gari lake likagongana na lori huko Kipkaren, akafa. Waziri alijiuzulu. Mengine tumemwachia Mungu, kwa sababu mahakama za wanadamu hazikututosheleza.

Tangu hapo bei ya swali katika eneo hili ilikuwa damu. Oktoba 1991, wimbi la vyama vingi lilipopanda, nyumba zilianza kuteketea katika shamba la Meteitei, Tinderet, na moto ukasambaa hadi Burnt Forest. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, kanisa lilichomwa wanawake na watoto wakiwa ndani. Wenzangu wanaharakati, tusiyataje haya kwa haraka kama watu wanaopita makaburini usiku. Walioyapanga waliwafundisha majirani kwamba anayepiga kura tofauti ni adui wa ng'ombe wako na shamba lako. Askofu Cornelius Korir, Mungu amrehemu, aliwafungulia wakimbizi uwanja wa kanisa kuu, kisha akatumia miaka mingi kuwaketisha majirani hao pamoja. Ujenzi huo nao ni sehemu ya mageuzi, ingawa hauna picha katika magazeti.

Je, mteja wangu basi hana hatia hata moja? Anayo, na ni nzito. Tulidhani kubadilisha watu ni kubadilisha mambo. Baadhi ya waliolala jela pamoja na wenzetu waliamka mawaziri, wakajifunza kula kwa kijiko kilekile. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, siku moja baada ya kumbukumbu ya miaka 34 ya kifo cha Muge, na sikusikia jukwaani jina lake likitajwa kwa uzito uliolistahili. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya 475,000. Maghorofa tunayo, na mengi yamejengwa kwa miguu ya wanariadha wetu. Kwa mitambo ya viwanda, machache sana. Deni la umma lilipita shilingi trilioni 11 mwaka 2025. Mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya, na bado mgonjwa akilazwa tunaundiwa kundi la simu la kuchangia bili. Mwaka 2024 mkulima aliuziwa mbolea bandia chini ya mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe. Mwaka huohuo wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Kijana mwenye shahada anaendesha bodaboda mchana na kucheza kamari ya simu usiku kwa fedha alizokopa kwa simu hiyohiyo. Namwelewa mzee, wallahi.

Kuna jambo la Uasin Gishu ambalo naliona ni kipimo kizuri kuliko hotuba zote. Wazazi wa kaunti hii walilipa mamia ya maelfu ya shilingi kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka wana wao masomoni Finland na Canada. Wengine waliuza ng'ombe, wengine kipande cha shamba. Mwaka 2023 ikadhihirika kwamba wengi wa vijana hawasafiri na fedha hazionekani. Huo ni wizi wa kisasa, umefanyika chini ya Katiba mpya, chini ya ugatuzi tulioupigania. Lakini tazama kilichofuata. Wazazi waliandamana mchana kweupe mbele ya ofisi za kaunti. Maseneta walikuja kuwasikiliza. Watu walifikishwa mahakamani. Linganisha na mkulima wa 1989 aliyekosa malipo yake: angesimama wapi? Angemwambia nani, na angelala wapi usiku ule? Wazazi hawa wamekaa miaka wakidai, na mimi sisemi kwamba swali limewarudishia ng'ombe. Nasema tu kwamba mwizi wa leo anatajwa, na kutajwa huko ndiko sehemu pekee ya urithi wetu ambayo bado ina meno.

Meno hayo ndiyo wanaotaka kuyang'oa. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakawaeleza mama zao bei ya mkate na mafuta ya kupikia itakuwaje. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa Muge alipokufa. Waliandamana hapa Eldoret pia, nyumbani kwa rais, mahali ambapo wenye hekima walituapia kwamba hapatatoka sauti. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na kesho yake rais akakataa kuutia mswada sahihi. Gharama ilikuwa zaidi ya roho 60, na kufikia mwisho wa mwaka huo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa. Magari yasiyo na nambari, vijana kutoweka, mama kuzunguka vituo vya polisi na picha mkononi: hayo yote mzee aliyaona mara ya kwanza mwaka 1986. Ni sufuria ileile ya Misri inayopashwa moto tena, safari hii bila nyama ndani.

Ndiyo maana shauri la paa si dogo. Katiba ya 2010 imempa Mkaguzi Mkuu muhula mmoja wa miaka minane, asiondolewe kwa hasira ya mtu. Kila mwaka ripoti zake hutoka, kaunti kwa kaunti, na yeyote anaweza kuzisoma. Sisi Wakristo tumezisoma? Fedha ambazo ripoti hizo husema hazina maelezo hupita wapi kabla ya kutokezea katika mifuko ya karatasi mbele ya madhabahu? Julai 2024 rais mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki michango ya harambee. Novemba mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lililazimika kurudisha mamilioni aliyoyatoa yeye huyohuyo kanisani, siku chache baada ya maaskofu kulaani utamaduni wa uongo serikalini. Tendo hilo liliwaudhi wengi. Mimi lilinikumbusha kuku na debe la mahindi, harambee ya mzee wangu, ambayo kila mtoaji alijulikana na kila alichotoa kilijulikana kimetoka shamba lipi.

Nimerudi kwa mzee nyumbani kwake, tukanywa mursik, nikamsomea makala hii kabla ya kuileta kwa mhariri. Hakukubaliana nami kuhusu KCC. Anasema nawaonea baadhi ya wasimamizi waliokuwa waaminifu, na huenda anayo haki. Lakini alinyamaza kwa muda mrefu nilipomtaja Muge, kisha akaniambia kwamba alikuwapo kwenye mazishi. Nimefanya hesabu na mweka hazina wetu: kila familia ikitoa bei ya bati moja kwa mwezi, tutaezeka upande wa mashariki kabla ya mvua ndefu, na upande wa pili mwakani. Kamati itaketi tena Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada. Mzee atakuwa mwenyekiti. Ameniruhusu niliandike swali langu katika kumbukumbu za kikao, na mfadhili ametumiwa nakala yake: fedha hizi zimetoka wapi?